Sura ya Tano: Mvua Ikishaondoka

Henry Morton Stanley alilipita bonde la Mkata katika wakati wake mbaya kuliko wote. Aliondoka Bagamoyo mwishoni mwa Machi 1871, akimtafuta Livingstone, na mwezi Aprili msafara wake ukawa unavuka tope na maji upande wa mashariki wa Kilosa. Punda walikufa, wapagazi waliugua, yeye mwenyewe alishikwa na kuhara damu, na mbwa wake Omar akafa. Kitabu alichokiandika baadaye kilisomwa sana Uingereza na Marekani, na wasomaji wake ambao hawajawahi kuikanyaga nchi hii walibaki na picha moja tu ya bonde hili: kinamasi. Angechelewa wiki sita au saba angekuta njia imekauka na mito imerudi ndani ya kingo zake.

Sura hii ni ya wiki hizo ambazo Stanley hakuziona. Ni wakati masika imeshaondoka na ukame wenyewe bado haujafika, kuanzia mwisho wa Mei hadi katikati ya Julai, na mahali ninapopazungumzia ni Ulaya, kata ya Wilaya ya Kilosa, kusini ya mji wa Kilosa katika njia ya kuelekea Mikumi. Vijiji kama Ulaya Kibaoni na Ulaya Mbuyuni vimekaa pazuri kwa mkulima mdogo. Magharibi kuna milima, na milima inamaanisha maji. Mashariki kunafunguka tambarare ya Mkata, inayoendelea hadi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964. Katikati hupita Mto Miyombo, ukishuka kwenda kuungana na maji mengine yanayolilisha bonde la Wami.

Nasema wazi ninachokiamini tangu mwanzo. Tumezoea kuupima mwaka wa mkulima kwa magunia: amevuna mangapi, ameuza kwa bei gani. Kipimo hicho ni cha lazima, kwa kuwa ada na matibabu hulipwa kwa fedha. Lakini kuna sehemu kubwa ya neema ya shamba ambayo haipandi mizani, kwa sababu huliwa uani kabla mnunuzi hajafika, na sehemu hiyo huja kwa wingi mwanzoni mwa kiangazi. Anayeikosa amekosa nusu ya mavuno yake.

Chanzo cha yote ni maji yaliyobaki chini. Mvua ikikatika mwishoni mwa Mei, udongo wa bondeni bado umeshiba. Juu unakauka, ukiukanyaga hautelezi tena, lakini ukiingiza jembe unakuta unyevu kiganja kimoja tu chini. Jua linawaka bila kuunguza, kwa sababu upepo wa kusi umeshashika na hewa imepoa. Mawingu yakiondoka, joto la mchana hupanda angani usiku bila kizuizi, na alfajiri unajifunika shuka mbili. Mimea yenye mizizi ya kina inastawi. Magugu, ambayo katika masika yalikuwa yakiota nyuma ya mpalilizi kabla hajafika mwisho wa tuta, yanapungua nguvu. Mbu nao wanapungua kadiri madimbwi yanavyokauka. Ni wakati pekee ambapo mtu wa Ulaya anaweza kuwa na chakula kibichi shambani na bado akapata nafasi ya kukaa.

Na uwanja wa kukaa upo, maana sasa unafagilika. Katika masika uani ni tope na kinyesi cha kuku. Mwanzo wa kiangazi unafagiwa asubuhi na mapema kabla umande haujakauka, ili vumbi lisiinuke, na alama za ufagio zinabaki zimejipanga kuanzia mlangoni hadi kwenye mwembe. Kuta zilizomenywa na mvua zinakandikwa upya. Kichanja cha vyombo kinafungwa kamba mpya. Mkeka ambao miezi mitatu ulikuwa umekunjwa ndani unatandikwa nje, na kuanzia hapo maisha yote ya nyumba yanahamia nje: kupepeta, kusuka nywele, kumenya, kusoma, kulala kidogo baada ya chakula cha mchana.

Mtungi nao unapata kazi yake. Watu wengi wenye friji hawajui kwamba mtungi una msimu. Udongo uliochomwa una vitundu vidogo mno ambavyo maji hupenya polepole hadi nje. Yakifika nje huvukizwa, na kila yanapovukizwa hubeba joto la yaliyobaki ndani. Katika masika hewa imejaa unyevu, uvukizaji ni mdogo, na maji ya mtungi huwa ya uvuguvugu tu. Hewa ikikauka, mtungi uleule, ukiwekwa kivulini penye upepo, unatoa maji yanayopoza koo bila kuumiza meno. Ningependa kila nyumba iwe nao hata pale umeme ulipofika. Haugharimu kitu kuuendesha, na maji yake yana harufu ya udongo ambayo hakuna chupa iliyowahi kuitoa.

Nije sasa kwenye chakula, ambako ndiko nilikokuwa nakwenda.

Mpunga wa bondeni hauvunwi wote siku moja. Kuna siku chache ambapo punje imeshajaa lakini bado ina unyevu, ganda limeanza kubadilika rangi, na ukiibana kwa jino inakubali. Hapo ndipo hutengenezwa pepeta. Mafungu machache hukatwa, hupurwa, na punje na maganda yake hutiwa kwenye chungu kipana kilichoshika moto, bila mafuta. Anayekaanga hageuki pembeni. Anakoroga kwa kifungu cha vijiti mpaka punje zianze kulia na chache kupasuka, na harufu inayotoka wakati huo inawaita majirani bila kutumwa mtoto. Zikiwa bado za moto zinamwagwa kinuni. Watu wawili wanasimama na michi na kutwanga kwa kupokezana, mmoja anapandisha mwingine anashusha, kwa sababu zikipoa zitavunjika badala ya kubanjika. Kisha ungo: pumba zinaruka, na kinachobaki ni vipande bapa, vya kijani kilichofifia, laini katikati na vikavu pembezoni. Huliwa vikavu kwa mkono, au huchanganywa na nazi iliyokunwa na sukari kidogo.

Pepeta haiuzwi sana, na haifiki mbali ikiuzwa. Kesho yake imekuwa ngumu. Ni chakula cha mtu aliye pale pale wakati kinu kinalia, na ndiyo maana wajukuu waliokuja kutoka mjini huisimulia kuliko nyama waliyochinjiwa.

Lakini niseme jambo hapa. Kinu hicho, mara nyingi mno, kinatwangwa na mama na binti zake huku wanaume wamekaa kwenye mkeka wakisubiri sahani. Raha ya nyumba inayobebwa na mabega ya upande mmoja ni raha pungufu. Mchi hauchagui mkono, na kijana wa kiume aliyejifunza kupokezana michi na dada yake katika likizo ya Juni hatasahau maisha yake yote chakula kinatoka wapi.

Baada ya mpunga, mbaazi. Zao hili ningeliandikia kitabu kizima kama ningepewa nafasi. Mkulima wa Kilosa huipanda pamoja na mahindi, mstari kwa mstari, mvua zinapokolea. Kwa miezi ya kwanza huioni. Mahindi yanakimbia juu, na mbaazi inabaki kijiti chembamba chini ya kivuli, watoto wanaikanyaga. Kumbe wakati huo inafanya kazi chini: inapeleka mzizi ndani, chini zaidi kuliko mzizi wa hindi. Mahindi yakikomaa na kukauka, jua linaifikia mbaazi kwa mara ya kwanza, na shamba ambalo ungedhani limemaliza mwaka linaanza upya.

Kinachoiamsha ichanue ni ufupi wa mchana. Kilosa iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, na mchana wa Juni ni mfupi kuliko wa Desemba kwa karibu dakika 50. Sisi hatuzihisi dakika hizo. Mbaazi za kienyeji zinazihisi, na mchana ukishafupika zinatoa maua ya njano, mengine yenye michirizi myekundu, na nyuki wanakuja. Kituo cha utafiti cha Ilonga, karibu na mji wa Kilosa, ambacho leo kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kimefanya kazi ya miaka mingi juu ya mikunde, na mbegu kama Komboa, Tumia na Mali zinajulikana kwa wakulima. Komboa huwahi kukomaa, na mkulima mwenye wasiwasi na mvua huipenda kwa hilo. Kwa upande wangu, kwa ajili ya nyumbani, ningeacha angalau mistari michache ya mbaazi ndefu ya kienyeji inayochelewa, kwa sababu inakula maji ya chini wakati hakuna kingine kibichi shambani.

Siku ya kuchuma mbaazi mbichi inajulikana kwa vidole. Ganda likiwa bado kijani, ukilipapasa, punje zinasimama moja moja kama shanga chini ya kitambaa. Likianza kupata mabaka ya kahawia umechelewa kwa mboga, liache likauke. Kumenya ni kazi ya kikao, hakuna anayemenya mbaazi peke yake akafurahi. Bakuli linawekwa katikati ya mkeka na kila anayepita anakaa kidogo.

"Hodi hapa, shangazi."

"Karibu, mwanangu, pita uani. Umekuja na mikono mitupu? Basi kaa umenye."

Hivyo ndivyo mgeni anavyopewa nafasi katika nyumba: anapewa kazi ndogo, na mazungumzo yanakuja yenyewe. Katika bakuli lile zinapita habari za msiba wa kijiji cha jirani, posa iliyokataliwa, na bei ya bati. Habari nyingine ambazo mtu hawezi kuzitoa akiwa ametazamana na mwenzake ana kwa ana, anazitoa akiwa ameinamia ganda la mbaazi.

Mbaazi kavu inataka kulowekwa na kuni nyingi. Mbichi inaiva ndani ya muda wa ugali kuchemka na kusongwa, au zaidi kidogo. Chemsha kwa maji kiasi na chumvi, ukiachia punje ziwe laini bila kupasuka. Ongeza kitunguu na nyanya moja. Mwisho tia tui la nazi, au karanga zilizotwangwa kama nazi haikufika, maana huku ni bara na nazi ina bei. Usitie viungo vingi. Punje mbichi ina utamu wake wa majani mabichi, na bizari nyingi huuzima. Ikiliwa na wali wa mpunga mpya, ambao una unyevu na unashikana na unataka maji machache kuliko wa mwaka jana, sijui ni mlo gani wa hotelini ungeubadilisha nao.

Mwaka 2017 taifa zima lilikumbushwa juu ya mbaazi kwa njia ya uchungu. Mwezi Agosti India, mnunuzi wetu mkubwa, iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingizwa nchini humo kwa mwaka. Bei ilianguka, na wakulima wa Tanzania waliotegemea kuuza walibaki na magunia ndani. Hasara ile ilikuwa halisi, na siwezi kumwambia mtu aliyeshindwa kulipa deni kwamba angalau alikuwa na mboga. Ninachokisema ni kwamba zao tulilolizoea kulisafirisha nje lote tulikuwa hatujajifunza kulila wenyewe vya kutosha, na kwenye soko la mjini bado ni shida kuipata mbaazi mbichi hata katika msimu wake. Wanaokula mbaazi mbichi ni wanaozilima, na wageni wao.

Kuna mengine ninayoyapitia haraka. Viazi vitamu vinavyochimbuliwa na kufukiwa kwenye majivu ya moto. Karanga mbichi zilizochemshwa na maganda yake na chumvi. Maboga ya mwisho. Machungwa, ambayo mkoani Morogoro msimu wake umeanza: wanunuzi wa mjini wanayakataa yenye ganda la kijani wakidhani ni mabichi, ilhali katika nchi za joto chungwa huiva ndani likabaki kijani nje, kwa kuwa ganda linahitaji usiku wa baridi ili libadilike rangi. Yale ya Juni, baada ya alfajiri kadhaa za baridi, huanza kupata manjano kidogo begani. Hayo yachume.

Mboga za majani zinataka maneno zaidi. Mwanzo wa kiangazi majani ya kunde, msusa na matembele yapo kwa wingi kuliko yanavyoweza kuliwa, na kila mwenye akili anajua kwamba Oktoba hayatakuwepo. Kwa hiyo hukaushwa. Huchambuliwa, huchovywa kidogo kwenye maji ya moto yenye chumvi, kisha huanikwa. Kosa linaloonekana sana ni kuyaanika juu ya bati katika jua kali la saa sita. Hukauka haraka, ni kweli, lakini jua hilo huharibu sehemu kubwa ya kile ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na majani hubadilika rangi kuwa kama ya nyasi kuukuu. Yaanikwe kivulini penye upepo, juu ya mkeka safi au wavu, yakifunikwa kitambaa chepesi dhidi ya vumbi na nzi. Yatachukua siku zaidi na yatabaki kijani. Upepo mkavu wa Juni unafaa sana kwa kazi hii.

Kwa kaya zilizo karibu na mpaka wa hifadhi, hasa kuelekea Mikumi, raha hii ina mlinzi wa usiku. Tembo wanajua msimu kama sisi, na bustani yenye maboga wanaisikia kwa harufu kutoka mbali. Watu wamejaribu njia nyingi, na mojawapo inayotumika katika wilaya mbalimbali za Tanzania ni uzio wa kamba zenye vitambaa vilivyopakwa mafuta machafu yaliyochanganywa na pilipili. Unahitaji kupakwa tena mara kwa mara na unahitaji majirani washirikiane, maana tembo aliyezuiwa kwako huingia kwa mwenzako. Ningekuwa nawadanganya wasomaji kama ningeandika juu ya bustani ya upande huo nikaacha dungu na tochi.

Jioni huja na baridi, na moto wa uani unawashwa kwa ajili ya kuota baada ya kupika. Juni ni likizo ya shule. Watoto wa Dar es Salaam na Morogoro wanaletwa kwa bibi na babu, na tangu 2024, treni ya SGR ilipoanza kwenda Dodoma ikisimama Kilosa, safari ambayo ilikuwa ya kuchosha imekuwa ya saa chache. Kilichobaki ni kipande cha kutoka Kilosa hadi Ulaya. Wakifika, kitu kinachowashangaza kuliko vyote ni anga. Masika ilikuwa imeifunika. Sasa mapema usiku Msalaba umesimama juu kusini, na mashariki yake Nge anapanda na mkia wake uliopinda, hata mtoto mdogo anauona bila kuonyeshwa mara mbili.

Kilimia, lile kundi la nyota, hakionekani jioni katika mwezi huu. Kilizama magharibi na jua kabla masika haijaisha, na anayekitaka lazima aamke alfajiri, akitazame mashariki kabla hakujapambazuka. Wazee walisema kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na hesabu hiyo ni sahihi: kinazama mvua zikiwa bado zinanyesha, na kinapozuka tena mwanzoni mwa Juni ardhi imekauka. Mtu anayeamka kukitafuta anakuta pia uwanja wenye umande, jogoo wa kwanza, na saa moja ya kuwa peke yake kabla nyumba haijaamka. Wazazi wenye watoto wadogo watanielewa.

Kuanzia katikati ya Julai mambo hubadilika. Unyevu unashuka chini, majani ya kunde yanakuwa magumu, na mboga yoyote unayoitaka lazima uimwagilie. Hapo ndipo bustani ndogo ya nyuma ya jiko inapookoa nyumba: matuta mawili ya matembele na mchicha mahali yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo, na matandazo ya mabua ya mahindi juu ya udongo ili jua lisiufikie. Mabua hayo wengi huyachoma. Yatandazwe.

Mbaazi zilizoachwa shambani hukauka Agosti na Septemba, hupigwa kwa fimbo juu ya turubai, na wanunuzi huja na mizani yao. Kabla hawajafika, tenga debe la mbegu kutoka kwenye miti iliyozaa vizuri na isiyoshikwa na ugonjwa, ulichanganye na majivu makavu dhidi ya wadudu, ulifunike vizuri. Miti yenyewe hukatwa na kufungwa mizigo. Ni kuni nyembamba zinazowaka haraka, na zikiwekwa pakavu huivusha nyumba hadi vuli inapoanza na kuni za msituni kulowa.